Bonge la mtoto, kumbe ana njaa!

Msomaji wangu, hebu niambie ukweli. Umekwenda kumwona mzazi wodini, ukaambiwa mtoto kazaliwa na kilo mbili na nusu. Unasema nini? Unasema, "Mungu atamkuza." Ukiambiwa kilo nne na nusu je? Loh, hapo vigelegele! Baba mtu anatembea kifua mbele utadhani uchungu aliupata yeye. Washikaji wanampigia simu, "Mzee, wewe kiboko!" Mtoto anapigwa picha hadi anakasirika, na kabla hajafumbua macho sawasawa ameshaingia kwenye simu ya kila ndugu.

Wiki hii nimekuja kuwaharibia sherehe kidogo. Siyo kila bonge la mtoto ni afya, jamani. Wapo wanaozaliwa mabonge kwa sababu mama alikuwa na kisukari wakati wa ujauzito. Na hao, saa moja au mbili baada ya kuzaliwa, wanaweza kuwa ndio wenye njaa kuliko watoto wote wodini. Siyo njaa ya kulialia ukampa ziwa ikaisha. Ni njaa ya kwenye damu, ambayo ikiachwa inakwenda kupiga ubongo. Sisimulii habari ya kuokota kijiweni. Mmoja wao mimi ni mama yake mdogo.

Dada yangu kaolewa Chimala. Kwa wale ambao safari zenu huwa zinaishia Morogoro, Chimala iko wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Ukitoka Dar unapita Makambako, unapita Igawa, kisha unaikuta. Kushoto milima imesimama kama ukuta, na ndiko inakopanda ile barabara ya Matamba ambayo watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Kulia ni tambarare ya Usangu, majaruba ya mpunga hadi macho yachoke. Huko wali siyo chakula cha Krismasi. Ni chakula cha mchana, cha jioni, na kiporo chake ndicho chai ya asubuhi.

Dada ana mgahawa pale, wateja wake wengi ni madereva wa malori. Yeye ni mwembamba wa wastani, anashinda amesimama, hana kitambi. Mtoto wake wa pili alizaliwa na kilo nne na ushee, na sifa alizozipata siku ile hazijaisha mpaka leo. Basi mimba ya tatu ilipofika mwezi wa sita akawa yuko kliniki, kwenye hospitali moja ya ukanda ule, nesi wa makamo akamuuliza kama anapiga soga tu, "Mama, huyu wa mwisho alikuwa na kilo ngapi?" Dada akajibu kwa maringo. Yule nesi badala ya kumpa hongera akaandika kitu kwenye kadi, akamwambia, "Kesho njoo bila kula chochote. Hata chai usinywe."

Kipimo chenyewe hakitishi. Unachomwa kidole ukiwa na njaa. Unapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, tamu mpaka meno yanalia. Unakaa kwenye benchi, halafu unapimwa tena. Kwa viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2013, mjamzito akiwa hajala sukari yake ikifika 5.1, au saa mbili baada ya kunywa ikifika 8.5, hiyo ni sukari ya mimba. Dada alikuwa na 6.3 kabla na 10.2 baadaye.

Alinipigia simu analia. Siyo kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya aibu! Kisukari kwa watu wengi ni ugonjwa wa wazee na mabosi, kijana akiwa nacho wanaanza kutafuta alikosea wapi. Nikachukua basi, nikaenda kukaa naye. Kama mnavyojua, sisi waandishi wa kujitegemea ofisi yetu ni daftari.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye utamu. Mimba yoyote, hata ya mtu mzima wa afya, inacheza na sukari. Kondo la nyuma, lile linalomuunganisha mtoto na mama, siyo bomba tu. Ni kiwanda cha homoni. Na baadhi ya homoni zake kazi yake ni kuipinga insulini ya mama, ili sukari isiingie haraka kwenye misuli ya mama, ibaki kwenye damu, mtoto apate mgawo wake. Ujanja wa asili huo. Kongosho la mama linatakiwa kujibu kwa kutoa insulini zaidi. Kwa wengi linaweza. Kwa wengine linazidiwa, na hapo sukari inapanda, hasa kuanzia kama wiki ya 24 na kuendelea. Siyo lazima uwe mnene, wala siyo lazima uwe umekunywa soda kreti zima. Unene unachangia, umri unachangia, kuwa na ndugu mwenye kisukari kunachangia. Na kuwahi kuzaa bonge ni dalili ya kuulizwa, kama alivyofanya yule nesi.

Halafu shika neno hili. Sukari ya mama inavuka kondo kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto anapelekewa sukari nyingi bila askari wa kuisimamia. Anafanyaje? Anatengeneza askari wake. Kongosho lake, dogo kama nini, linaanza kufanya kazi ya ziada usiku na mchana, linatoa insulini nyingi. Na insulini kwa mtoto aliye tumboni siyo ya sukari tu, ni kama mbolea. Inamjaza mafuta mabegani, kifuani na tumboni. Ini linakuwa kubwa, wakati mwingine hata kuta za moyo zinanenepa. Kichwa hakikui kwa kasi hiyo, ndiyo maana wakati wa kuzaa kichwa kinaweza kutoka mabega yakakwama. Wakunga wanaijua hofu hiyo.

Kwa hiyo ule ubonge, msomaji, ni kazi ya homoni. Tunaposhangilia kilo, wakati mwingine tunashangilia insulini.

Tukarudi nyumbani na masharti. Kumwambia mwanamke wa Mbarali apunguze wali ni kama kumwambia mvuvi wa Kyela aache samaki! Akaambiwa wali kiasi cha ngumi moja, maharage na mboga zijaze sahani, uji wa sukari basi, na kila akila atembee kidogo. Akabadilisha wali kwa viazi vya Matamba akidhani amepona, nesi akacheka: wanga ni wanga. Kwa wiki kadhaa ikaenda vizuri. Mwezi wa nane sukari ikagoma, akaandikiwa sindano za insulini.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia.

Yule bibi namheshimu, kwanza kalea watoto saba. Lakini aliposikia sindano alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, hiyo dawa inakwenda kwa mtoto. Mtoto atazaliwa na ugonjwa." Dada yangu, mkwe mzuri, akainamisha kichwa. Siku mbili hakuchoma. Mkwe utamjibu nini? Ilibidi mimi mgeni, ambaye sina cha kupoteza, nipige magoti na shikamoo yangu nimweleze: "Bibi, dawa haivuki. Inayovuka ni sukari. Tukiacha sindano ndipo tunapomlisha mtoto sukari." Akaniangalia kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo, lakini kesho yake nikamkuta mwenyewe kasogeza chupa za soda kwenye friji ya mgahawa, akaiweka dawa katikati isipate joto. Insulini imekaa katikati ya soda! Nilitaka kucheka nikaogopa.

Mtoto akazaliwa usiku. Kilo nne na nusu kamili, wa kiume, mashavu hadi macho hayaonekani. Bibi akapiga vigelegele wodi nzima ikaamka. Mkunga yeye alikuwa na haraka zake. Akamfuta mtoto, akamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akasema anyonye sasa hivi, ndani ya saa hiihii. Bibi akalalamika, "Waacheni wapumzike, mtoto huyu kashiba tangu tumboni." Na yale maziwa ya kwanza, ya njano, wako wazee wanaoyaita machafu na kuyakamua chini. Mkunga hakubishana. Akamshika mtoto, akamchoma kisigino, akaweka tone kwenye kile kimashine. Ikasoma 2.9. Akasema si mbaya, ila hatuondoi macho.

Saa ya pili mtoto akanyamaza. Si usingizi mzuri, ni ule ukimya unaokufanya umsogelee. Akiwekwa ziwani halichukui. Mikono ikaanza kuchezacheza, vidole vinatetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa. Bibi akasema ni baridi ya mlimani, akaleta blanketi. Mkunga akachoma kisigino tena. 1.6.

Hospitali nyingi zinaanza kuchukua hatua sukari ya kichanga ikishuka chini ya 2.6. Hii ilikuwa 1.6, na dalili tayari. Sikuwahi kuona watu wazima wakikimbia kimyakimya namna ile. Wakampata mshipa mkononi, mshipa mwembamba kama uzi, wakampa glukosi ya asilimia 10, mililita mbili kwa kila kilo, yaani mililita tisa tu. Tisa! Vijiko viwili vidogo vya chai havizidi hapo sana. Kisha dripu ya polepole. Baada ya nusu saa wakapima, imepanda. Vidole vikatulia. Dada alikuwa amenishika mkono, alama za kucha zake nilikaa nazo siku mbili.

Asubuhi nikamvizia daktari kwenye korido. Nilikuwa na swali ambalo nadhani hata wewe unalo: mama sukari imezidi, mtoto iweje sukari imeisha?

Alikuwa kijana tu, akanichorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Akaniuliza, "Umeyaona majaruba hapo chini? Fikiria jaruba linaloletewa maji mengi kupita kiasi. Mwenye shamba anafungua matoleo yote ili lisifurike. Ghafla mtu wa juu anafunga banio. Maji hayaji tena, lakini matoleo bado yako wazi. Jaruba litakuwaje?" Litakauka, nikasema. "Basi kukata kitovu ndiyo kufunga banio."

Sukari ya mama inakatika kwa dakika moja. Insulini ya mtoto haijui kwamba mambo yamebadilika. Kongosho lililozoea kazi kubwa linaendelea kumwaga.

Mtoto wa kawaida kitovu kikikatwa homoni zake zinapokezana zamu. Insulini inashuka. Inapanda glukagoni, homoni nyingine ya kongosho, ambayo inaliamuru ini litoe sukari liliyoweka akiba. Adrenalini na kotisoli zinasaidia. Mafuta ya mwili nayo yanaanza kuchomwa, na ubongo unapata chakula cha akiba kutoka huko. Ndiyo maana vichanga wengi wanavumilia saa za mwanzo bila tatizo hata maziwa yakiwa kidogo.

Kwa mtoto wa mama mwenye kisukari zamu hiyo inavurugika. Insulini iko juu, glukagoni inapanda kwa kusuasua. Na insulini ikiwa juu inalifunga ini na inayafunga mafuta. Hapa ndipo niliposhika kichwa. Yule mtoto aliyejaa mafuta kuliko wote wodini hawezi kuyatumia! Ghala limejaa mpunga hadi dari, na mwenye ufunguo amesafiri. Mtoto mwembamba wa kitanda cha pili, kilo mbili na nane, alikuwa analala zake raha mustarehe.

Na siyo insulini peke yake. Insulini nyingi inaizuia kotisoli kuyakomaza mapafu, kwa hiyo baadhi ya watoto hawa wanapata shida ya kupumua hata wakizaliwa wakubwa. Tezi ndogo za shingoni zinazosimamia madini ya kalsiamu nazo zinaweza kuzubaa siku za mwanzo, kalsiamu ikashuka, na mtoto akatetemeka kwa sababu hiyo. Kwenye damu ya kitovu inakutwa pia leptini nyingi, homoni inayotoka kwenye mafuta. Huyu wetu kalsiamu ilipimwa, ilikuwa sawa.

Haya mambo wataalamu hawakuyajua jana. Mdenmark mmoja, Jørgen Pedersen, ndiye aliyeiweka wazi hoja hiyo miaka ya 1950: sukari ya mama, insulini ya mtoto. Baadaye, mwaka 2008, ukatoka utafiti mkubwa wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa. Walipima kwenye damu ya kitovu kipande kinachobaki insulini inapotengenezwa, ili wajue kongosho la mtoto limetoa kiasi gani. Wakakuta kila sukari ya mama inapopanda ngazi moja, na hicho kipande kinapanda, na uzito wa mtoto unapanda. Hakuna mstari ambapo unasema hapa chini salama, hapa juu hatari. Ni mteremko tu, kama kushuka Hamsini na Saba. Afrika haikuwemo kwenye zile nchi tisa, lakini mwili ni mwili.

Kwetu tuna hesabu zetu, na hizi, kijana mwenzangu wa mjini, zinakuhusu wewe kuliko dada yangu. Mwaka 1991 kina Andrew Swai na Donald McLarty walitoa taarifa kwamba wajawazito wa vijijini Tanzania waliowapima, sukari haikuwa inaharibika kadiri mimba inavyokua. Yaani tatizo halikuonekana. Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa kina Akwilina Mwanri: vijijini asilimia 1.0, mjini asilimia 8.4. Mara nane! Karibu mjamzito mmoja kati ya kumi na wawili mjini. Hebu hesabu vichwa kwenye foleni ya kliniki unayoijua. Chimala siku hizi ni nusu kijiji nusu mji, chipsi zinakaangwa mpaka saa sita za usiku, na bodaboda wameua kutembea. Sishangai ugonjwa umepanda lori ukafika huko pia.

Ila kliniki nyingi mjamzito anapimwa presha, uzito, damu, mkojo, na sukari kwenye damu inaruka. Mkojo hautoshi. Sukari ya mimba inaweza kuwepo na mkojo usiseme kitu. Kwa hiyo mimi sisubiri kuulizwa. Nikifika zamu yangu nitauliza mwenyewe, na kama kipimo ni cha kununua, shemeji yenu mtarajiwa aanze kuweka akiba sasa, badala ya kununua spika za gari.

Kuna uvumi mmoja niukate hapa hapa. Watu wa Chimala walianza kusema mtoto kazaliwa na kisukari. Hapana. Tatizo lake lilikuwa kinyume, sukari ndogo, na kwa watoto wengi wa aina hii linakwisha ndani ya siku mbili tatu, kongosho likishatambua kwamba banio limefungwa. Yeye dripu ilipunguzwa polepole, huku ananyonya kila baada ya saa mbili, akiwa hataki dada anakamua maziwa ya njano kwenye kikombe anamnywesha kwa kijiko. Siku ya tatu vipimo vitatu mfululizo vilikaa juu ya 2.6, dripu ikatolewa. Bibi ndiye aliyekuwa anaamka usiku kuhesabu saa za kunyonya. Sikumkumbusha habari ya maziwa machafu.

Ukubwani anaweza kuwa na uwezekano zaidi wa kunenepa na kupata sukari, hilo daktari hakuficha. Dada naye alirudi kupimwa baada ya wiki sita, ikakutwa imeshuka, kawaida kabisa. Akaambiwa asifanye sherehe: aliyepata sukari ya mimba yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu kuliko wenzake, apime kila mwaka, na mimba nyingine akiipata apimwe mapema.

Sasa mtoto ana miezi saba, anakaa, na anapenda kuvuta nywele. Bibi bado anamwita Bonge. Lakini mjamzito akiingia pale mgahawani, kabla hajaagiza, yule bibi anamsogezea kiti na kumuuliza kwa sauti mpaka madereva wanageuka: "Mwanangu, huyo wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi?"